Je, polinomia bora huyumba fanksheni ikibadilika kidogo?

Mkuu, umeuliza kama kosa dogo kwenye fanksheni f litaiyumbisha polinomia bora ya digrii n, ile inayofanya tofauti kubwa kuliko zote kati yake na f iwe ndogo iwezekanavyo. Kiasi cha tofauti hiyo hakiyumbi: f ikisogea kwa kiasi kidogo ε, nacho husogea si zaidi ya ε. Polinomia yenyewe ndiyo ya kuchunga. Husogea si zaidi ya 2ε/γ, ambapo γ ni namba inayopima jinsi tofauti inavyopanda haraka ukiiacha polinomia bora; nayo inategemea f, si n peke yake.

Chukua x² kati ya −1 na 1, digrii 1. Polinomia bora ni ½ tupu; tofauti inafika ½, −½, ½ kwenye −1, 0 na 1. Hapo γ = 1/3, hivyo kosa la 0.01 haliisogezi kupita 0.06. Pointi mbili jirani ambako tofauti hiyo inafika kilele kwa alama zinazopishana (kama −1 na 0 hapo) zikibanana, f ikiwa na mteremko mkali, γ hukaribia sifuri na dhamana inayeyuka.

Kwenye kompyuta, usiendeshe Remez (njia ya hatua kwa hatua ya kutafuta polinomia bora) kwa kuijenga polinomia kwa x, x², x³...; namba zitaharibika mapema. Ijenge kwa polinomia za Chebyshev, ambazo hubaki kati ya −1 na 1 humo. Na data ikiwa na kelele, mimi ningeacha Remez kabisa: pitisha polinomia kwenye nodi za Chebyshev, yaani pointi maalum zinazosongamana karibu na ncha mbili. Kwa n = 20 kelele haikuzwi hata mara 3, na bila kelele kosa halifiki mara 4 ya lile la polinomia bora.