Maswali yenu: Mwongozo upo, mbona wanaoanza bado wanakwama?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Tupo watu wanne tunatunza programu huria, imeandikwa kwa lugha ya Python, iko GitHub (tovuti watu wanakowekea programu zao) na yeyote anaitumia bure. Mwongozo tumeandika na ni mrefu tu, kila kitu kimo. Lakini kila wiki lazima aje mtu na swali lilelile, mara haiinstoliki, mara amri haipo, tukimwambia soma mwongozo anasema nshausoma. Tumekosea wapi, tuongeze kurasa?
Mtunzaji aliyechoka kujibu

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na kwanza msiongeze hata ukurasa mmoja. Huyo anaekwambia kausoma muamini, kausoma kweli. Mwongozo wenu mmeuandika nyinyi wanne ambao kompyuta zenu zilishawekwa kila kitu zamani, kwenu amri inakubali kwa sababu kuna vitu kibao chini yake vilishakaa sawa na hamkumbuki hata siku mliyoviweka. Mgeni hana hata kimoja.

Fanyeni hivi. Mtafuteni mtu mmoja ambae hajawahi kuigusa programu yenu, atumie kompyuta yake sio ya kwenu, mfungulieni mwongozo halafu nyamazeni. Kunyamaza ndo kazi yenyewe na ni ngumu kuliko unavodhani. Akikwama usimuoneshe, andika tu kakwama mstari wa ngapi, na alikua anatarajia kuona nini.

Mimi niliwahi kukaa hivo na dada mmoja mhasibu, mtu makini sana, alikua anataka programu ya kusafisha data zake. Mstari wa kwanza wa mwongozo ulianza na alama ya dola, ikafuata pip install (pip ndo kifaa cha kuinstoli vitu vya Python) na jina la programu. Akakopi mstari wote na dola yake, akapesti, kompyuta ikamjibu "command not found: $". Akafuta, akapesti tena, jibu lilelile. Akarudi kwenye mwongozo akasoma upya tangu juu, polepole, kidole kwenye skrini, akidhani kuna sentensi kairuka. Hakuna alichoruka. Ile dola ni alama ya terminali yenyewe, lile dirisha la kuandikia amri, kuonesha inasubiri amri, wewe huiandiki, programa yeyote analijua hilo na ndo maana hakuna aliekumbuka kulisema. Dakika 10 nzima zilipita pale. Alipokuja kuitoa dola ikaja "command not found: pip", maana kwenye mashine yake ilitakiwa python3 -m pip install. Akaniangalia akaniuliza, "kaka, hii kitu ni ya watu waliosomea?" Lile swali bado ninalo kichwani, maana pale hakua amekosea hata kitu kimoja, alifuata maelekezo neno kwa neno.

Kwa hiyo toeni hizo dola kwenye mistari ya kukopi, na kila amri iambatane na mambo mawili: ikikubali utaona nini, ikikataa utaona nini na ufanyeje. Kaangalieni mafunzo ya Django, zana ya Python ya kutengenezea tovuti, yanavoanza. Kabla hujaandika chochote wanakupa amri ya kuangalia vesheni, wanakwambia ukiona namba basi ipo, ukiona "No module named django" basi haijawekwa. Sentensi mbili tu hizo lakini mtu anaeanza anajua kabisa yuko upande gani.

Halafu kuna kitu kingine, mwongozo unachacha hata kama nyie hamjaugusa. Tangu Oktoba 2020 miradi mipya ya GitHub tawi lake kuu, yaani nakala kuu ya mafaili yake, linaitwa main badala ya master, sasa kama mwongozo wenu bado unasema git push origin master na mtu kashusha mradi wenye main, atapata "src refspec master does not match any", na hayo maneno mtu wa siku ya kwanza hana pa kuanzia kuyaelewa. Mwezi Agosti 2021 GitHub wakaacha kupokea neno la siri la akaunti wakati wa kusukuma mabadiliko kupitia Git (programu ya kutunza matoleo ya mafaili), unatakiwa tokeni au ufunguo wa SSH, vitu vya kukutambulisha badala ya neno la siri. Na kwenye mifumo ya Linux, kuanzia Debian 12 na Ubuntu 23.04, zote za 2023, ukiinstoli kwa pip bila kutengeneza venv kwanza (folda ya pembeni ya kuwekea vitu vya Python vya mradi mmoja) unapewa "externally-managed-environment". Wala sishangai kama hilo ndo nusu ya maswali mnayoulizwa kila wiki. Chukua mashine tupu kila mnapotoa toleo jipya, ufuate mwongozo wenu mstari kwa mstari kama mgeni. Inachosha, najua, ila kujibu swali moja mara hamsini kunachosha zaidi.

Kuhusu urefu, umesema kila kitu kimo, nahisi na penyewe pana tatizo. Daniele Procida, aliebuni mpangilio unaoitwa Diátaxis, anazigawa nyaraka mafungu manne: mafunzo ya mtu anaeanza, maelekezo ya kufanya kazi fulani, rejea (orodha kamili ya amri na mipangilio), na maelezo ya kwanini kitu kiko hivo. Mkivichanganya kwenye ukurasa mmoja mgeni anakutana na orodha ya mipangilio 30 kabla hajaiona programu ikiwaka hata mara moja. Wa kwanza kabisa apewe njia moja tu, sio tatu za kuchagua, maana kuchagua kunahitaji ujuzi ambao ndo kaufata hapo. Na mfute kila penye "fanya tu hivi" au "ni rahisi". Aliekwama akisoma kwamba ni rahisi anajiona yeye ndo mbovu, anafunga ukurasa kimya kimya na nyie hamtajua kama alikuja.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ndo naanza kujifunza, juzi nimefuata mwongozo wa programu moja huria nikakuta hatua moja imerukwa, nimehangaika siku mbili mpaka nikapata. Natamani kurekebisha lakini sio programa, kodi (yale maandishi ya programu) sijui, na Kiingereza changu cha kuungaunga. Si watanicheka?
Mgeni mwenye hofu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hizo siku mbili zako ni mali, ziandike leo, usisubiri mpaka uwe mtaalamu. Nasema leo kwa sababu baada ya wiki kadhaa utakua umezoea na hutakumbuka tena ni wapi ulikwama, utakua kama wale walioruka hiyo hatua.

Na hauko peke yako kuliona hili. GitHub walifanya utafiti wa watu wa programu huria mwaka 2017, asilimia 93 wakasema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo lililoenea, halafu asilimia 60 ya wachangiaji wakasema ni mara chache au hawajawahi kabisa kuchangia kwenye nyaraka. Shida inaonwa na wote ila mikono ni michache, kwa hiyo mkono wako unahitajika kweli.

Kodi huhitaji. Kama mradi uko GitHub fungua faili la mwongozo, bonyeza alama ya penseli, andika hapohapo kwenye brauza, GitHub yenyewe itakutengenezea nakala yako na kukuuliza kama unataka kupendekeza mabadiliko. Kwanza pitia faili la CONTRIBUTING, la maelekezo kwa wachangiaji, kama lipo, miradi mingine ina utaratibu wake. Rekebisha kitu kimoja tu kwa mara moja, ukichanganya marekebisho kumi anaekagua anaahirisha. Kwenye maelezo sema unatumia mfumo gani, vesheni ipi, ulifuata mstari gani, ukaona kosa gani (likopi lote kama lilivo, skrinshoti haitafutiki) na nini kilikusaidia. Kiingereza cha sentensi fupi fupi kinatosha kabisa, watunzaji wengi nao Kiingereza wamekikuta ukubwani. Wakikaa kimya subiri wiki mbili hivi, kumbushia kwa upole mara moja. Na kama hata kurekebisha unaogopa, fungua ishu, yaani taarifa ya tatizo kwenye ukurasa wa mradi, useme hatua hii imekosekana. Hiyo tu tayari ni mchango.

SWALI: Tunataka kutafsiri mwongozo wa kuanzia wa programu yetu kwa Kiswahili. Tunabishana, wengine wanataka kila neno ligeuzwe, wengine wanasema turekodi video tu yaishe. Mhariri unashauri nini?
Kikundi cha watafsiri

JIBU: Mi nawaunga mkono kabisa kwenye tafsiri, ila kuna vitu visiguswe: amri, majina ya mafaili, na maneno yanayotokea kwenye skrini. Kama kitufe kwenye programu kimeandikwa Save na nyie mmeandika "bonyeza Hifadhi", msomaji atakitafuta mpaka achoke. Acheni Save, halafu mueleze kwa Kiswahili kinafanya nini. Na ujumbe wa kosa uacheni ulivo, chini yake ndo muweke maana, maana mtu atautafuta kwenye intaneti kwa maneno yaleyale. Kwa maneno yaliyobaki, kila kitu kubalianeni neno moja mliandike mahali wote mnaona, kama ni folda iwe folda hadi mwisho, sio ukurasa huu folda, unaofata kabrasha, mgeni atadhani ni vitu viwili tofauti.

Video ije baadae. Amri iliyo kwenye video haikopiki, na kitufe kimoja kikihama mnarekodi upya yote, wakati kwenye maandishi mnabadilisha mstari mmoja. Anzeni na ukurasa wa kuinstoli peke yake, mumpe mtu asiyejua Kiingereza aufuate mbele yenu, halafu ndo mhamie ukurasa wa pili.