MASWALI YENU: "Mwalimu, Dodoma hii kuna nini cha kuangalia?"

Barua zimekuwa nyingi na kwa bahati nyingi zinauliza kitu kilekile kwa njia tofauti, kwamba mahali panakuwaje pazuri, nani anaamua. Nimechukua nne. Zile ndefu nimezipunguza, mnisamehe.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtumishi, nimehamishiwa huku natokea Moshi, ofisi yetu iko Mtumba. Kwetu ukifungua dirisha unaona migomba, unaona mlima, macho yanapumzika. Huku toka nimefika mwezi wa sita ni vumbi, vichaka vya kijivu na mawe. Wenzangu wazaliwa wa hapa wanasema Dodoma ni nzuri, mi nahisi wanajifariji tu. Kuna uzuri kweli au ni mapenzi ya kwao? – Wa Mlimani, Ilazo*

Marahaba, na mbukwa kama wanavyosalimia Wagogo, karibu Ugogoni. Kwanza kijivu unachokiona ni kijivu kweli, sitakubishia. Mvua ya hapa haifiki milimita 600 kwa mwaka, na yote inashuka kuanzia kama Disemba mpaka Aprili alafu basi, mbingu zinafungwa, sasa mti ukiwa na akili unamwaga majani ili usipoteze maji na unasubiri, na wewe ndo umeingia mjini wakati huo huo wa kusubiri. Mbuyu unaouona kama umekufa haujafa, una maji kwenye shina lile nene, na chini ya ganda la nje kuna utando wa kijani unaendelea kutengeneza chakula hata kama juu hakuna jani hata moja. Ukilijua hilo ukarudi kuuangalia tena, niambie kama unaona kitu kilekile.

Tatizo lako, na sio lako peke yako, ni uzuri wa kalenda. Tumekulia nyumba zenye kalenda ukutani, mwezi wa kwanza Kilimanjaro, wa pili ufukwe wa Zanzibar, wa tatu twiga kasimama vizuri kwenye nyasi, ikawa mahali pasipoingia kwenye kalenda tunasema hapana kitu. Ugonjwa huu ni wa zamani bana. Uingereza karne ya 18 matajiri walikuwa wanasafiri kwenda kuangalia milima na maziwa wakiwa na kioo kidogo cheusi kilichobinuka, wakifika penye mandhari wanaipa mgongo, wanaiangalia ndani ya kioo ili ionekane kama mchoro wa Claude Lorrain, na kioo chenyewe kikapewa jina la huyo mchoraji. Wametembea siku nzima kwenda kugeuza mgongo! Wanaopiga selfi pale Nyerere Square wasicheke sana.

Sasa kuna mwanafalsafa mmoja wa Scotland, Ronald Hepburn, mwaka 1966 aliandika insha akilalamika kwamba wasomi wa mambo ya uzuri wamebaki na michoro na muziki tu, maumbile wameyasahau. Hoja yake moja mi naipenda sana: mchoro una fremu, mahali hapana fremu. Wewe uko ndani yake. Upepo unakupiga, sauti inatokea nyuma yako, ukihama hatua mbili kila kitu kinabadilika. Arnold Berleant wa Marekani akaja kusema zaidi ya hapo, kwamba uzuri wa mazingira unapokelewa na mwili mzima sio macho peke yake. Kwa hiyo acha dirisha la ofisi. Toka jioni mwezi wa saba ukiwa na sweta, nenda upande wa Bahi au Hombolo, simama. Utasikia kengele za shingoni za ng'ombe kabla hujawaona ng'ombe wenyewe, utasikia ule upepo mkavu unavyopita kwenye migunga, alafu usubiri giza maana kiangazi mawingu hakuna na ukitoka nje ya taa za mji nyota ya Dodoma ni habari nyingine, kundi la Ng'e linapita karibu na utosi kabisa. Kwenu Moshi na ukungu ule wa Julai sijui kama mnaipata hiyo.

Na hayo mawe unayoyataja kwa dharau. Kuna mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada anaitwa Allen Carlson, yeye anasema kama mchoro tunautazama vizuri zaidi tukijua umechorwaje, basi maumbile nayo tuyatazame tukijua yametokeaje, jiolojia na biolojia ndo zinatufundisha pa kuangalia. Haya, miamba ya graniti ya kanda hii ya kati ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Iliganda chini ya ardhi, ikapasuka nyufa nyufa, maji yakaingia kwenye nyufa yakala kona zote zikawa mviringo, udongo wa juu ukasombwa taratibu na ndo maana leo unaona jiwe limekaa juu ya jiwe kama limepangwa na mtu. Kilimanjaro yako hiyo ni volkano ya miaka milioni chache tu. Ni mtoto. Mlima wenu ni mzuri sana nakubali, ila mbele ya mawe ya kilima cha Mlimwa hapa mjini unatakiwa kutoa shikamoo.

Carlson na Berleant hawaelewani wale, mmoja anataka ujue, mwingine anataka uhisi. Mi naona wewe mgeni uanze na kuhisi, kujua kutafuata. Na mvua ya kwanza ikinyesha usijifungie ndani, fungua mlango unuse.

*Mwalimu heshima yako. Nilienda Kondoa kusalimia ndugu, nikapiga picha yale makorongo ya udongo mwekundu jua linazama, nikaweka status, watu wamependa balaa. Baba mdogo akanipigia anasema nifute, eti napiga picha kidonda. Mimi naona ni uzuri tu wa asili. Nani yuko sahihi? – Mjukuu wa Irangi*

Baba mdogo wako yuko sahihi zaidi yako, ila usifute.

Hayo makorongo sio uzuri wa asili, ni udongo uliokimbia. Miti ilikatwa, mashamba yakapanda mpaka kwenye miteremko, mifugo ikazidi, mvua za huku zinakuja chache ila zikija zinapiga kwa hasira, basi vilima vya Irangi vikachanika. Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, wakachimba matuta, wakapanda miti, haikutosha. Mwaka 1979 ikatoka amri mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika zaidi. Yote. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Jaribu kufikiria nyumba ya mfugaji inaamka asubuhi hakuna maziwa, hakuna samadi, zizi tupu, watu wamegawa ng'ombe kwa ndugu wa mbali au wameuza kwa bei ya hasara. Kama baba mdogo ana umri wa kutosha basi picha yako imemgusa pale pale, wewe umeona rangi ya jua, yeye ameona zizi tupu.

Mwanafalsafa mmoja wa Marekani, John Hospers, alitenganisha uzuri mwembamba na uzuri mnene. Mwembamba ni rangi, umbo, mwanga. Mnene ni vile vyote pamoja na kile ambacho kitu kinakuambia kuhusu maisha yaliyokitengeneza. Kwa wembamba korongo lako ni zuri, sitakudanganya, ule wekundu na vivuli vya saa kumi na mbili jioni vinavutia, mtu yeyote angetoa simu. Kwa unene linaumiza. Na ni vigumu sana ukishajua kurudi kwenye wembamba, hata machweo ya hapa ya mwezi wa tisa, yale mekundu kupitiliza, nusu ya rangi ile ni vumbi na moshi wa mapori yanayochomwa, mi siku hizi nikiyaona nafurahi na kukunja uso kwa wakati mmoja.

Sasa fanya hivi. Iache picha lakini chini yake andika habari ya 1973 na 1979, alafu rudi kwa baba mdogo umwombe akupeleke sehemu zilizopona. Maana zilipona, mifugo ilivyoondoka nyasi zilirudi, miti ikachipua yenyewe, na baadaye watu wakaanza kuruhusiwa ng'ombe wa kufugia bandani. Miteremko hiyo haitakupa likes nyingi, ni vichaka vya kawaida tu machoni, lakini kwa unene ule niliousema sijui kama Kondoa nzima kuna kitu kizuri kuizidi.

Na ukiwa njia hiyo pita Kolo kwenye michoro ya mapangoni, iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO toka 2006. Mary Leakey alikaa pale mwaka 1951 akiinakili mmoja mmoja. Ila usiangalie michoro tu ukaondoka, geuka, uone walichokuwa wanakiona waliochora, ule uwanda mpana chini yao. Sehemu nyingine za pale watu wa eneo bado wanaenda kufanya matambiko ya mvua na uponyaji, kwa hiyo chukua mwongozaji pale ofisi ya mambo ya kale na usiguse guse, mafuta ya mikono yanaharibu.

*Mwalimu, nina kiwanja Iyumbu, katikati kuna jiwe kubwa kama nyumba. Fundi anasema tulichome moto lipasuke tupate na kokoto. Mke wangu hataki, anasema ndo uzuri wa kiwanja. Ushauri tafadhali. – Mwenye Jiwe*

Msikilize mke wako. Jiwe limekaa hapo miaka yote niliyotaja juu, fundi anataka kulimaliza kwa kuni na matairi ili upate tripu chache za kokoto, na moshi wa matairi muuvute nyie na majirani. Kokoto utanunua. Jiwe jingine hutanunua.

Lakini uzuri usikufanye mzembe. Kwanza pata mtu wa kuangalia kama ni mwamba ulioshikana na ardhi au ni jiwe limekaa tu, kama limekaa tu na liko upande wa juu wa mteremko nyumba isijengwe chini yake. Pili angalia maji ya mvua yanateremkia wapi, mwamba haunywi maji, yote yatakuja msingini. Tatu jiwe linashika joto la mchana na kulitoa usiku, ukiliegemeza na chumba cha kulala mwezi wa saba utashukuru, mwezi wa kumi na moja utalala sebuleni. Bora liwe upande wa baraza. Mwanza watu wamejenga katikati ya mawe miaka mingi na nyumba ziko pale, na Helsinki kule Ufini kuna kanisa la Temppeliaukio, lilifunguliwa 1969, limechimbwa ndani ya mwamba na kuta zake wameziacha jiwe tupu bila plasta. Kama kanisa zima limeweza, baraza lako litashindwa nini. Tena usilipake rangi. Nimeona watu wanapaka mawe chokaa, sijui huwa wanamficha nani.

*Mwalimu tunabishana kazini. Mimi nasema majengo ya vioo yanayoota mjini ndo mazuri, mwenzangu anasema tembe la bibi yake Mvumi ni zuri kuliko. Si kila mtu na macho yake, yaishe? – Wa Nkuhungu*

Yasiishe. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant mwaka 1790 alitoa mfano ambao sisi watu wa zabibu unatuhusu, akasema mtu akisifia mvinyo wa visiwa vya Kanari kwamba ni mtamu, ni haki kumwambia aongeze "kwangu mimi". Lakini ukisema kitu ni kizuri hapo unadai na wengine wakione hivyo, kwa hiyo umeshajiingiza kwenye kutoa sababu. Sasa toeni sababu.

Za mwenzako mi naziona ni nzito. Tembe ni fupi halishindani na upepo, paa lake bapa ni miti na fito na udongo juu yake, kuta nene, mchana wa Oktoba ndani kuna ubaridi na juu ya paa bibi anaanika mazao yake. Kila kitu unachokiona kina kazi na jua hili na udongo huu. Kasoro zake ni giza na mvua kubwa, tembe huvuja, na asikudanganye kwamba bibi yake hatamani bati. Jengo la vioo linaweza kuwa zuri pia, sina ugomvi na kioo, ila kioo kinachotazama magharibi kwenye jua la Dodoma bila hata kivuli cha mwarobaini kinahitaji kiyoyozi kutwa nzima, yaani limebuniwa kwa mji mwingine likaletwa hapa. Mji huu ulichorewa ramani 1976 na wapangaji wa kutoka Toronto, nao walikotoka kuna theluji, lakini walikuja na wazo la mji wa watu kutembea kwa miguu na kupanda mabasi, sio kila mtu na gari lake. Hilo wazo libebe kwenye ubishi wenu: hilo jengo lako la vioo, mtu anayepita kwa miguu saa nane mchana linampa nini? Kivuli, benchi, au mwanga wa kumpofua?

Ukipata jibu niandikie, hata kama nimeshindwa. Wale wanne mlioniuliza kuhusu rangi za mageti na ile ya jirani aliyekata mkwaju wa mpakani, subirini toleo lijalo, ya mkwaju nataka kwanza nimuulize mtu wa sheria.