Anko Nyuzi Anajibu: Kwani Majaji wa Gitaa Wanasikia Nini Ambacho Sisi Hatusikii?

Wadau habari za siku nyingi. Mwezi huu barua karibu zote zimekuja upande mmoja, majaji wa mashindano ya gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni linalopigwa kwa vidole na kucha. Sijui nani kawachokoza ila nimefurahi, maana nilishachoka kuulizwa gitaa zuri la laki mbili linapatikana wapi. Twende.

Shikamoo Anko. Niko Ujerumani kimasomo na huku huku ndo nimeanza kupenda gitaa la klasiki. Juzi nikaenda kuangalia mashindano mji wa jirani, raundi ya pili akapanda kijana mmoja akapiga mpaka ukumbi mzima umesimama, mi mwenyewe mwili ulisisimka, alafu majina ya fainali yanasomwa hayumo! Aliyekuja kushinda alipiga vizuri ndio ila nilikuwa naangalia saa. Majaji walikuwa watano. Anko sema ukweli, hawa watu wanahongwa? (Mwenye hasira, Ujerumani)

Marahaba mwanangu. Pole kwa hasira, ila kuhongwa sidhani, na nitakwambia kwa nini: hesabu peke yake inatosha kumtoa huyo kijana wako, wala haihitaji bahasha.

Chukua kalamu. Majaji watano, kila mmoja anatoa maksi mpaka 25. Kijana wako anapata 24, 24, 23, 15 na 14. Jumla 100, wastani 20. Yule wa kuangalia saa anapata 21, 21, 20, 21 na 21. Jumla 104, wastani 20.8. Umeona? Majaji watatu kati ya watano wanaamini kabisa kijana wako ndo mkali, na bado anarudi nyumbani. Yule mwingine hakuna jaji hata mmoja aliyempenda sana, ila hakuna aliyemchukia, na kwenye wastani kutochukiwa kunalipa kuliko kupendwa. Wengine wanasema basi tufute maksi ya juu kabisa na ya chini kabisa, haya fanya: kijana wako anabaki na 24, 23 na 15 ambayo ni 62, mwenzie anabaki na 21 tatu ambazo ni 63. Bado kapigwa! Ukizipanga maksi kwa mstari ukachukua ile ya katikati tu, hapo kijana wako anapata 23 kwa 21 na anashinda. Watu walewale, masikio yaleyale, mshindi tofauti. Ndo maana mi nikipewa karatasi ya sheria za mashindano naanzia kwenye namna ya kujumlisha kabla sijasoma hata majina ya majaji.

Sasa utauliza hao wawili waliotoa 15 na 14 walisikia nini. Mara nyingi ni kile kile kilichokusisimua wewe. Kijana anapiga Bach, yule mtunzi wa zamani wa Ujerumani, anavuta mwendo, anaachia, anakawia juu ya noti moja mpaka watu wameshika pumzi, ukumbi unalia, na pale mezani kuna mwalimu ambaye amefundisha hicho kipande miaka thelathini na kwake huo ni utovu wa adabu. Hajahongwa. Ana imani yake tu, kama sheikh na sheikh mwenzie wanavyoweza kutofautiana.

Kwenye piano yalishatokea makubwa zaidi. Warsaw 1980, mashindano ya Chopin, mpiga piano kijana Ivo Pogorelić akatolewa kabla ya fainali, na Martha Argerich, mpiga piano mwenye jina kubwa ambaye alikuwa jaji, akanyanyuka akaacha kiti, akasema yule kijana ni jiniasi. Dunia nzima ikaongea habari za aliyetolewa, wakati aliyeshinda alikuwa Dang Thai Son wa Vietnam, Mwasia wa kwanza kuchukua yale mashindano, na hakuna mtu mwenye akili anayesema hakustahili. Kwa hiyo huyo wako akikubali kuvumilia, kutolewa huko si kifo.

Jingine usilolifikiria ni zawadi. Angalia mashindano makubwa ya Marekani, yale ya Guitar Foundation of America yaliyoanza 1982. Kwa miaka mingi mshindi wake amekuwa akipewa albamu ya kurekodi na lebo ya Naxos pamoja na ziara ndefu ya maonyesho, mji baada ya mji, leo ukumbi wa chuo kesho kanisa keshokutwa shule. Jaji akijua hivyo anajiuliza swali ambalo wewe kwenye kiti chako hukujiuliza: huyu nikimtuma mji wa ishirini na mbili, kachoka, kucha imekatika, ukumbi una baridi, atapiga? Hapo yule wako wa kuangalia saa anaanza kuonekana mtu wa maana. Mi binafsi jibu hilo silipendi, naona mashindano yakigeuka kuwa interview ya kazi muziki unapungua, ila siwezi kusema ni uonevu.

Ukitaka kukasirika, kasirikia hili: majaji kuwa na wanafunzi wao kwenye mashindano. Dunia ya gitaa la klasiki ni ndogo kama kijiji, bingwa wa jana ni mwalimu wa leo na ni jaji wa kesho, mfano David Russell ambaye 1977 alishinda mashindano ya Tárrega kule Benicàssim, Hispania, leo ukitafuta kijana wa fainali ambaye hajawahi kukaa darasani kwake hata siku moja utasumbuka. Mashindano yanayojiheshimu yanamtaka jaji aseme wazi huyu mwanafunzi wangu, na asimpigie maksi. Sawa. Lakini anaweza kuwabana kidogo wapinzani wa mwanafunzi wake, pointi moja moja tu, na hiyo hakuna sheria inayoikamata. Dawa ninayoiamini ni kubandika maksi zote ukutani na majina ya majaji juu yake. Chopin wameshafanya hivyo, na watu wamegombana sana, na ni vizuri wagombane. Mashindano ya Queen Elisabeth kule Brussels wao wana njia nyingine, majaji hawaruhusiwi kujadiliana, kila mtu anaandika namba yake kimya kimya, ili yule mwenye jina kubwa asije akawaburuza wenzie. Hiyo nayo naipenda, maana nimeshakaa meza moja na mtu akikohoa tu kila mtu anafuta alichoandika.

Asalaam aleikum Anko. Mie napiga gitaa la bendi Mombasa, harusi na mahoteli. Nimeangalia fainali moja kwenye simu, watu wanne wote wanapiga taratibu, wote wamekaa mguu kwenye kistuli, sikuona tofauti. Hao majaji wanatofautisha nini? (Bendi, Mombasa)

Waaleikum salaam kaka. Nikuulize, umewahi kumsikiliza Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, yule mpiga gitaa ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi 1952? Gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba juu, unaapa ni watu wawili. Basi jaji wa klasiki anatafuta kitu hicho hicho ila kwa sauti tatu au nne: hii ya chini inatembea yenyewe? hii ya katikati inasikika au imemezwa? ile ya juu inaimba au inagonga tu? Mpigaji wa kawaida anazipiga noti zote, mpigaji mzuri unajua nani anaongea na nani anaitikia.

Halafu kuna sauti yenyewe. Kwenye bendi una amplifaya, ukikosa utamu unazungusha kitufe. Huku hakuna, ni kucha na uzi, kucha ikiwa na mkwaruzo kidogo safu ya tano wanausikia, ndo maana hawa vijana wanatembea na msasa mfukoni na wengine kucha ikivunjika wanabandika kipande cha mpira wa ping-pong kwa gundi, usicheke. Na zile nyuzi tatu nene zimezungushiwa waya, kidole kikiteleza juu yake zinalia "fwii", mmoja analia fwii kila baada ya sekunde mbili mwingine humsikii kabisa, hiyo tu ni pointi. Mengine kama kusahau noti majaji hawayajali sana kama unavyodhani, akisahau akarudi barabarani bila kutetemeka anaweza hata kuongezewa heshima.

Rudia ile video, ila tumia hedifoni. Spika ya simu inakula besi yote.

Anko, haya mashindano yalianza lini na nani aliyaleta? (Mpenda historia, Morogoro)

Ya zamani ninayopenda kuyasimulia ni ya Brussels, 1856. Mrusi mmoja tajiri, Nikolai Makarov, mwenyewe mpiga gitaa, aliona chombo chake kinadharauliwa akatoa hela yake kwa ajili ya watunzi na mafundi wa kutengeneza gitaa. Zawadi ya kwanza ya utunzi akapewa Johann Kaspar Mertz, ila matokeo yanatoka mwezi Desemba mwenyewe alishafariki Oktoba. Wa pili alikuwa Napoléon Coste, Mfaransa, yeye alikuwa hai na nadhani alifurahi.

Na kingine cha kuchekesha, Joaquín Rodrigo, mtunzi wa Hispania, naye alishinda mashindano ya utunzi wa gitaa ya redio ya Ufaransa 1961 na kipande chake Invocación y danza, na leo vijana wanajiumiza vidole kukipiga hicho hicho mbele ya majaji wengine. Kipande kilishahukumiwa kikapita, sasa kinahukumu wenzie.

Shikamoo Anko, nina miaka 17, niko Arusha, nataka kutuma video raundi ya kwanza ya mashindano ya vijana ya mtandaoni. Niko na simu tu. Majaji watanidharau? (Binti wa gitaa, Arusha)

Marahaba mwanangu, hawatakudharau kwa simu, watakudharau kwa ujanja. Usiunganishe vipande, wengi wanataka video ya mkupuo mmoja na mikono yote miwili ionekane, na ukikata wanaona, sauti ya chumba inabadilika. Usiongeze eko. Zima feni, funga mbwa, iweke simu mita moja na nusu hivi usiisogeze karibu na tundu la gitaa maana besi itavuma. Tuni, alafu piga dakika tano, alafu tuni tena, nyuzi za nailoni zikiwa mpya zinalegea kama hazina akili. Na anza na kipande unachokiweza hata ukiwa na homa, kile kigumu cha kujionyesha kiweke cha pili. Jaji akisikiliza video ya arobaini anaamua mapema kuliko anavyokubali kusema, sekunde za mwanzo ndo zako.

Ukimaliza nitumie na mimi niisikie.

Anko wewe mwenyewe umewahi kuwa jaji? Umewahi kukosea? (Mchokozi, Dar)

Nilijua litakuja. Mara mbili, mashindano madogo ya wanafunzi, hela ya nauli na chakula. Ile ya pili tulikula wali nyama saa saba, saa nane tukarudi mezani, feni moja, akaingia mtoto wa miaka kumi na miwili hivi akapiga kipande kifupi cha Sor, mtunzi wa zamani wa gitaa, taratibu mno, mi nikaandika 14. Mwenzangu wa kushoto akaandika 22, nikamwangalia kama kachanganyikiwa. Baada ya wiki mbili wakatutumia rekodi, nikaisikiliza usiku nyumbani, kimya, tumbo tupu. Nikairudisha mwanzo mara tatu. Matokeo yalishabandikwa, mtoto alikuwa wa nne, na waliokuwa wanapewa vyeti ni watatu.