Lete Wazo Likiwa Bado Bichi

Mdogo wangu uliyeanza juzi kazi ya usanifu wa matangazo, najua una daftari limejaa michoro ambayo hakuna aliyeiona. Wengi huingia hivyo. Kikaoni wanakaa kimya, baadaye mwenzao anatoa jambo lilelile, ndipo utawasikia kwenye korido: "Mbona mimi nililifikiria zamani!" Sawa, ulilifikiria. Nani alijua?

Sababu ninayoisikia kila mara ni hofu ya kuibiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 hailindi wazo. Inalinda kazi yenyewe: mchoro uliochorwa, maneno yaliyoandikwa, wimbo uliotungwa. Tena ulinzi huo unaanza kazi inapozaliwa tu, hata kama hujaisajili popote. Kwa hiyo wazo likibaki kichwani, huna cha kudai siku mwingine akija na linalofanana nalo. Lichore, weka tarehe, mtumie kiongozi wako kwa barua pepe. (Na usome mkataba wako wa ajira, maana mara nyingi haki za kazi za ofisini huwa za mwajiri. Hilo wageni hawaliulizi mpaka kumeshaharibika.)

Wengine wanangoja liive. Hapa ndipo naona muda mwingi unapotea. Ukileta mchoro wa penseli, watu watajadili wazo. Ukileta uliokwisha pakwa rangi kwenye kompyuta, watajadili rangi: kijani kizito, maandishi madogo, nembo isogee kushoto. Wazo lenyewe halitaguswa, na likiwa na kasoro utaijua bango likiwa limeshachapishwa. Mimi napendelea karatasi moja ya A4, penseli, na sentensi moja chini yake.

Mwonyeshe mtu mmoja ambaye hana sababu ya kukusifia, na usimuulize kama ameipenda. Muulize, "Hapa unaona nini?" kisha nyamaza, hata ulimi ukikuwasha. Umechora chandarua yeye akaona hema? Umeokoa siku nzima ya kazi. Ukianza kumfafanulia, umeshaharibu jaribio, kwa sababu barabarani hutasimama kando ya bango kuwaeleza wapita njia.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Hakungoja turubai la wachoraji wala chuo cha sanaa. Picha zilikwenda kuuzwa Oysterbay zikiwa hivyohivyo, na ndugu na marafiki aliwafundisha namna yake ya kuchora. Alifariki mwaka 1972. Angeificha ile namna, ingezikwa naye. Wanafunzi wake waliiendeleza, na hadi leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake, hata ukichorwa na mtu aliyezaliwa miaka mingi baada yake.

Mawazo yako mengi yatakataliwa, na mengine yatakataliwa kwa sababu za ovyo kama bajeti au mteja kuamka vibaya. Uliza sababu, iandike pembeni ya mchoro, uhifadhi karatasi. Mteja wa mwezi ujao anaweza kuwa na bajeti.