Kabila na tabaka katika kusaka kura za Wakenya

Ndugu, umeuliza kwa nini vyama vya Kenya bado vinasaka kura kwa misingi ya kabila ilhali Kifungu cha 91 cha Katiba ya 2010 kinakataza chama kuundwa kwa msingi huo. Kwa maoni yangu, Katiba inadhibiti namna chama kinavyoundwa, lakini haiwezi kudhibiti hesabu za mgombea. Mshindi wa urais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47, na kwa kuwa hakuna jamii inayoweza kufikisha kiasi hicho peke yake, miungano haikwepeki.

Tazama mwaka 2022. Wagombea wakuu wa urais, William Ruto na Raila Odinga, ambao hakuna kati yao aliyetoka eneo la Mlima Kenya lenye kura nyingi, walichagua wagombea wenza wa huko, Rigathi Gachagua na Martha Karua. Ruto, hata hivyo, aliongeza lugha ya tabaka: aliwaita mama mboga na waendesha bodaboda mahasla, yaani wanaohangaika kutafuta riziki, na wilibaro ikawa nembo ya chama chake cha UDA. Eneo hilo lilimpigia kura kwa wingi, ingawa Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, mwana wa huko, alimuunga mkono Raila.

Wapo waliosema kabila limezikwa. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu Gachagua alipoondolewa kwenye wadhifa wa Naibu Rais Oktoba 2024, mjadala ulirudi mara moja kwenye swali la jamii gani imesalitiwa, na mama mboga, kwa masikitiko yangu makubwa, hakutajwa tena.