Kuchambua vigae vya Ngome ya Yesu: kaure isikutangulie

Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Waomani waliizingira 1696 wakaitwaa 1698, na tangu 1895 hadi 1958 ikawa gereza. Udongo wa mahali kama hapo umefukuliwa na kufukiwa mara nyingi, hivyo mfuko mmoja wa vigae, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, unaweza kuwa na mabaki ya karne tatu. Anayekimbilia kaure ya Kichina (vyombo vya udongo mweupe mgumu) kwa sababu inang'aa huishia kukosea umri wa tabaka zima.

Kwenye kuosha, tumia mswaki laini. Vyungu vya kienyeji vilichomwa kwa moto mdogo. Ukivilowesha usiku kucha, kingo humomonyoka. Chenye masizi au ukoko wa chakula kiweke kando bila kukiosha, kwani maabara itauhitaji huo ukoko. Anika kivulini mpaka vikauke kabisa. Kigae chenye unyevu hushika ukungu mfukoni, na chumvi ya pwani ikijitokeza hubandua ung'azo, yaani tabaka la kung'aa juu ya chombo.

Kisha tenga kwa udongo, si kwa mapambo. Memenya ukingo kidogo kwa koleo, utazame sehemu mpya kwa lenzi inayokuza mara 10: mchanga, chembe za kombe, au vipande vya chungu kilichosagwa. Vyeupe vyenye michoro ya buluu ndivyo vinavyochanganya zaidi, kwa sababu Wareno waliiga kaure ya Kichina. Dondosha tone la maji penye mvunjiko. Kwenye kaure litatulia juu. Chombo cha Kireno hulinyonya, udongo wake ni laini wa rangi ya maziwa, na ung'azo wake hubanduka kama magamba.

Hesabu idadi na upime gramu, vigae vya tumbo visivyo na pambo vikiwemo. Kuvitupa ni kufuta habari za jikoni. Mtungi mkubwa ukivunjika hutoa vipande vingi kuliko kikombe, kwa hiyo idadi peke yake hudanganya. Uzito nao hupendelea vyombo vinene. Pima midomo: chora duara zenye kitovu kimoja, simamisha mdomo ulalie karatasi bila mwanga kupita chini, tafuta duara inayolingana, soma asilimia ya mzingo inayofunikwa na kipande hicho. Asilimia za aina moja zikijumlishwa zikafika 100, hiyo ni sawa na chombo kimoja. Kipande kikiwa chini ya asilimia 5, kipenyo hakiaminiki.

Ndipo urudi kwenye kaure. Sahani ya enzi ya Wanli, mfalme wa China (1573–1620), ilitunzwa na kurithiwa, hivyo ikikutwa pamoja na kikombe cha enzi ya mfalme Kangxi (1662–1722), tabaka halikufungwa kabla ya kikombe hicho. Lakini kigae kimoja kipya kisicho na wenzake huenda kimeshushwa na shimo la panya au mtaro. Rudi kwenye michoro ya uchimbaji kwanza.

Namba iandikwe upande wa ndani, kamwe si kwenye mvunjiko, maana hapo ndipo kitaungwa. Paka Paraloid B72, aina ya utomvu wa plastiki, iliyoyeyushwa kwa asetoni, iache ikauke, andika kwa wino, kisha paka tena juu yake.