Maswali ya Wasomaji: Intaneti ya Bei Nafuu kwa Wanaoishi Ndani ya Gari la Nyumba

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni muuguzi kutoka Kenya na ninafanya kazi Marekani kwa mikataba ya wiki 13, leo hospitali hii, kesho ile. Mwaka jana mimi na mume wangu tulichoka kutafuta nyumba ya kupanga kila mkataba unapoisha, tukanunua gari la nyumba, lile ambalo Wamarekani huliita RV, na sasa tunaishi humo pamoja na watoto wetu wawili. Hivi sasa tuko Amarillo, Texas; mwezi ujao tunahamia Flagstaff, Arizona, na baada ya hapo huenda tukaelekea Montana. Mtoto mkubwa anasoma kwa video kwa muda wa saa 3 kila siku ya shule, jioni tunatazama filamu, na Jumapili watoto huzungumza na bibi yao nyumbani kwa WhatsApp. Tulilipia kifurushi tulichoambiwa hakina kikomo, lakini kila mwezi ikifika tarehe 12 hivi, somo la mtoto linaanza kukatika. Tumeongeza laini ya pili ya kampuni ileile, na bili imevuka dola 200 kwa mwezi bila nafuu yoyote. Tufanye nini?
— Mama Tumaini, Texas

JIBU: Mama Tumaini, pole kwa mahangaiko, na ahsante kwa kuitaja hiyo tarehe 12, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha ugonjwa uko wapi. Mtandao ungekuwa dhaifu hapo mlipoegesha, somo lingekatika tangu tarehe mosi. Linapokatika kila mwezi karibu na siku ileile, maana yake ni kwamba kuna kipimo mnachokimaliza.

Kifurushi kinachoitwa hakina kikomo kwa kawaida huwa na vipimo viwili ndani yake. Cha kwanza ni data inayotumiwa na simu yenyewe, na hiyo ndiyo isiyo na kikomo. Cha pili ni data ambayo simu inaishea kwa kompyuta, televisheni na vifaa vingine, na hiyo karibu kila mara ina kikomo chake, kilichoandikwa kwa herufi ndogo chini ya tangazo. Kikomo hicho kikifikiwa, kampuni haikukatii intaneti. Huibana kasi, baadhi hadi Kbps 600 na wengine hadi Kbps 128, kiwango ambacho ujumbe wa maandishi hupita lakini sura ya mwalimu haipiti. Laini ya pili ya kampuni ileile imewaongezea ndoo ya pili ya ukubwa uleule, na kwa jinsi mnavyotumia, nayo inakauka kabla ya mwezi kwisha.

Kabla ya kununua chochote kipya, kaeni chini jioni moja mpige hesabu. Somo la video hutumia takriban GB 1 kwa saa, na huzidi hapo picha zikiwa za ubora wa juu. Saa 3 kwa siku 20 za shule ni kama GB 60. Netflix huwaeleza wateja wake kwamba filamu ya HD, yaani ya ubora wa juu, hula hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo saa 2 kila jioni zinaweza kufika GB 180 kwa mwezi. Filamu hizohizo zikiwekwa katika ubora wa wastani hula takriban GB 0.7 kwa saa, yaani kama GB 42 kwa mwezi mzima. Mnaona ilipo tofauti: badiliko moja katika mipangilio ya akaunti, ambalo kwenye televisheni ndogo ya ndani ya gari jicho halilioni sana, linaokoa data nyingi kuliko inayotumiwa na masomo yote ya mtoto.

Kuna mlaji mwingine ambaye familia nyingi hazimjui. Kompyuta ikiunganishwa na simu kwa njia ya hotspoti, yaani simu ikiishea intaneti yake, huiona kama Wi-Fi ya kawaida ya nyumbani, na huko ndiko ilikofundishwa kupakua masasisho yake na kupandisha picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kuuliza. Fungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta ya mtoto na uitambulishe hotspoti hiyo kuwa intaneti yenye kipimo. Windows ina kitufe cha kazi hiyo, na kompyuta za Apple zina cha kwao kinachopunguza matumizi ya data. Masasisho makubwa yapelekeni kwenye maktaba ya umma ya mji mliomo, ambako Wi-Fi ni ya bure. Maktaba nyingi za Marekani huiacha ikiwaka hata baada ya kufunga milango, na baadhi yake huwaazima wenye kadi vifaa vya hotspoti vya kwenda navyo nyumbani. Nawahimiza sana mziendee. Ni huduma njema ambayo wahamaji wengi huipita tu.

Sasa tuje kwenye laini. Nchini Marekani mitandao mikubwa yenye minara yake ni mitatu: Verizon, AT&T na T-Mobile. Majina mengi ya bei nafuu mnayoyaona hutumia minara ya hao watatu, na mengine ni mali yao kabisa: Visible ni ya Verizon, Cricket ni ya AT&T, Metro na Mint ni za T-Mobile. Kwa hiyo mtu anaweza kubadilisha kampuni mara tatu akabaki kwenye mnara uleule bila kujua. Ushauri wangu ni kwamba muwe na laini mbili za malipo ya kabla zilizo kwenye mitandao miwili tofauti, badala ya mbili za mtandao mmoja. Laini za namna hii kwa kawaida huuzwa kati ya dola 25 na 50 kwa mwezi kabla ya kodi, hazina mkataba, na huachwa mwezi wowote. Kwa hali yenu ningeanza kutazama kifurushi cha msingi cha Visible, ambacho kwa muda mrefu kimejulikana kwa kuruhusu kushea bila kikomo kwa kasi ya hadi Mbps 5, yaani Kbps 5,000. Kasi hiyo ni ndogo, lakini inatosha somo moja la video wakati wa mchana au filamu moja ya ubora wa wastani jioni, na haina tarehe 12. Someni masharti ya siku mtakayonunua, hasa idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa kuunganishwa kwa wakati mmoja, kwa maana masharti haya hubadilika mara kwa mara.

Unafuu huo una gharama yake, nayo ni foleni. Mnara ukielemewa, wateja wa vifurushi vya bei ya juu huhudumiwa kwanza na wa bei nafuu husogezwa nyuma. Katika kambi ya magari ya nyumba hilo huonekana waziwazi jioni, watu wote wanaporudi na kuwasha televisheni kwa pamoja, na Wi-Fi ya kambi yenyewe hulemewa saa hizohizo. Kwa hiyo msipime kasi saa sita mchana mkaridhika. Pimeni saa mbili usiku, ndani ya gari, mlango ukiwa umefungwa, kwenye meza ileile anayosomea mtoto. Na kama mkataba wako wa kazi utawabakisha mahali pamoja kwa wiki 13, kipimo hicho cha usiku mmoja kina thamani kuliko ramani zote za matangazo.

Kuhusu safari yenu, barabara ya Interstate 40 itawatoa Amarillo hadi Flagstaff kupitia Albuquerque, na kwa sehemu kubwa ya njia hiyo mtapata mtandao. Mkiiacha barabara kuu kwenda jangwani au kwenye hifadhi za taifa, jiandaeni kukosa kabisa. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ina ramani ya bure inayoonyesha kila kampuni inafika wapi, na ina sehemu ya kuchagua kama unatumia simu ukiwa nje umesimama au ukiwa ndani ya gari. Chagueni ndani ya gari, kwa kuwa picha hubadilika sana. Tena, kama simu yako haijafungwa kwa kampuni moja na inakubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka, baadhi ya makampuni hutoa siku za majaribio bila malipo, nawe unaweza kuujaribu mtandao wa pili siku mtakayowasili Flagstaff kabla ya kuulipia. Majirani wa kambini nao waulizeni. Aliyekaa hapo miezi sita anajua mnara upi unafaa.

Jambo la mawimbi kupita kwenye ukuta nalo si dogo. Magari mengi ya nyumba yana ngozi ya alumini, na mengine yamewekewa karatasi ing'aayo ya alumini ndani ya kuta ili kuzuia joto, na vyote viwili huyazuia mawimbi ya simu. Simu ikiwa dirishani na simu hiyohiyo ikiwa kwenye droo ya jikoni ni kama ziko miji miwili tofauti. Anzeni hapo, kwani hakuna gharama. Vifaa vya kuongeza nguvu ya mawimbi huuzwa kwa mamia ya dola, na vinachofanya ni kukuza mawimbi yaliyopo. Mahali pasipo na mawimbi havina cha kukuza, na mahali ambapo mnara umeelemewa na watu haviwapunguzii foleni. Nisingeviweka mwanzoni mwa orodha yenu.

Montana ndiko mnakoweza kuhitaji intaneti ya setilaiti. Starlink, kampuni inayouza intaneti hiyo, ina huduma ya Roam kwa wasafiri, na faida yake kubwa kwa bajeti ni kwamba hulipwa mwezi kwa mwezi, hivyo mnaweza kuilipia miezi ya huko tu na kuishusha au kuisimamisha mkirudi penye minara, kwa masharti yatakayokuwepo wakati huo. Inataka anga iliyo wazi. Chini ya misonobari mirefu itakatika kila setilaiti inapojificha. Inataka umeme pia: kifaa kidogo cha Starlink, kiitwacho Mini, hutumia takriban wati 25 hadi 40, kwa hiyo kukiwasha saa 10 mfululizo ni hadi saa-wati 400, mzigo unaoweza kumaliza zaidi ya nusu ya nguvu inayofaa kutumiwa bila kuidhuru betri moja ya kawaida ya risasi ya 100Ah msipokuwa mmechomeka umeme wa kambi.

Mambo mawili ya kuepuka. Msinunue ile rauta ya bei nafuu ya intaneti ya nyumbani mkaizungusha majimboni, kwa kuwa imeandikishwa kwa anwani moja na kampuni inaweza kuizima. T-Mobile ilianzisha kifurushi maalumu cha wasafiri, kiitwacho Away, mwaka 2024, lakini bei yake iko juu ya laini mbili nilizozieleza. Na mkiona mahali panaposifu punguzo la serikali la bili za intaneti liitwalo ACP, pitieni mbali, kwa maana mpango huo ulikwisha tarehe 1 Juni 2024 baada ya fedha zake kumalizika.

Kwa ufupi wa fedha, Mama Tumaini: laini moja ya kushea bila kikomo, laini ya pili ya mtandao mwingine kwa siku ile ya kwanza inapolemewa, na filamu katika ubora wa wastani. Hizo ni kama dola 60 hadi 90 kwa mwezi, na setilaiti iongezwe mtakapoingia Montana.

SWALI: Binti yangu anaishi Marekani ndani ya gari la nyumba na ninakwenda kukaa naye miezi miwili. Je, laini yangu ya Kenya na simu yangu ya Tecno vitanitosha huko?
— Mzee Juma, Mombasa

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Simu ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Mitandao yote mitatu ya Marekani ilizima 3G mwaka 2022, hivyo hata kupiga simu ya kawaida kunategemea 4G, na simu nyingi za Tecno na Infinix zinazouzwa kwetu hazikutengenezwa kwa masafa ya soko hilo. AT&T, kwa mfano, ina orodha ya simu inazozikubali. Mwombe binti yako aangalie jina kamili la modeli yako kabla hujasafiri. Ikikataa, simu yake ya zamani itakufaa zaidi. Laini yako ya nyumbani usiitoe, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa na wa benki huja huko, lakini zima data ya nje ya nchi kabla ndege haijapaa. Kwa matumizi ya kila siku nunua laini ya malipo ya kabla ya mwezi mmoja mmoja, na uchague mtandao ambao binti yako hana, ili siku wake unapogoma, wako uwasaidie nyote wawili. WhatsApp yako itabaki na namba ileile ya Kenya.